Kila nikimuuliza anataka kusomea nini, hunijibu: "Chochote tu, dada"

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora mjini. Nina umri wa miaka 31, nimeolewa na nina mtoto mmoja. Ninaandika kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 18, ambaye ninaishi naye tangu alipoanza kidato cha kwanza. Mama yetu alifariki mwaka 2014, usiku, tukiwa njiani kumtoa kijijini kumpeleka hospitali. Baba bado yuko Urambo, ambako analima tumbaku, na mwaka ambao tumbaku imelipa huwa anachangia ada na matumizi. Mwaka ambao haikulipa, mzigo wote hubaki kwangu.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mwezi Januari, mdogo wangu alipata daraja la pili, pointi 18: B ya Baiolojia, Jiografia na Kiswahili, na C ya Fizikia, Kemia, Hisabati na Kiingereza. Ukizingatia kwamba shule aliyosoma ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia, sisi nyumbani tulifurahi sana. Furaha hiyo ilidumu mpaka lilipokuja swali la hatua inayofuata.

Baba hataki kusikia kitu kingine zaidi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha tano na cha sita) na udaktari. Alimwelekeza hivyo tangu wakati wa kujaza Selform, fomu ya kuchagua masomo ya hatua inayofuata, na ndiyo maana PCB iko kwenye chaguo lake la kwanza. Mjomba, ambaye amestaafu kazi ya reli na anaishi karibu na stesheni, anasema hakuna sababu ya kupoteza miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita wakati chuo cha reli kipo hapa hapa mjini na reli ya kisasa inajengwa kuja kwetu. Kwa hesabu zake, ajira itamkuta kijana akiwa bado darasani. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema na sipendi umfikirie vibaya, anaona aende chuo cha kati akasomee utabibu au ufamasia, amalize miaka mitatu, aanze kujitegemea. Anasema mchagua jembe si mkulima.

Mimi nilitaka achague mwenyewe. Nilisomea ualimu kwa sababu barua ya chuo cha ualimu ndiyo iliyotangulia kufika, na ingawa kazi hii nimeipenda baada ya kuizoea, nilijiapia kwamba mdogo wangu hatachaguliwa maisha na barua. Kwa hiyo nimekuwa nikimuuliza, kwa upole na wakati mwingine kwa ukali kidogo, anataka kuwa nani. Nimemuuliza tukiwa wawili jikoni, nimemuuliza mbele ya shemeji yake, na nimemuuliza kwa simu alipokuwa kwa Baba. Jibu ni lile lile: "Chochote tu, dada." Nikimwambia ataje hata vitu viwili, anainamisha kichwa na kuniambia nitakachoona kinafaa yeye atasoma. Hana kiburi, hana makundi mabaya, kazi za nyumbani anafanya bila kutumwa. Lakini mtoto wa jirani ana umri kama wake na anajua kabisa anataka kuwa rubani, na nikiwaweka pamoja wakizungumza ninaona aibu kwa niaba yake.

Kuna jambo moja dogo ambalo sijui kama lina uzito wowote. Baba yetu mkubwa ana mizinga ya nyuki huko Sikonge, na tangu kidato cha pili mdogo wangu amekuwa akienda huko kila likizo. Mwezi uliopita nilipokuwa nikipanga vitu chumbani kwake nikakuta kaunta buku aliyoichora mistari kwa rula: namba ya mzinga, aina ya mti uliotundikwa, kama ni mninga, mtundu au myombo, umbali wake kutoka kwenye maji, tarehe ambayo nyuki waliingia, tarehe waliyohama, na kiasi cha asali kilichorinwa kwa ndoo. Pembeni ameandika kwa penseli mambo kama "moto ulipita" au "siafu". Nilipomuuliza baba mkubwa, akacheka, akasema ni kwa sababu ya daftari hilo alihamisha baadhi ya mizinga kutoka mlimani kuipeleka karibu na mbuga, na haijutii safari hiyo. Nilifurahi, lakini nikajiuliza kama kweli nimsomeshe mtoto mwenye daraja la pili akarudi kurina asali, kazi ambayo wazee wetu waliifanya bila kwenda shule.

Ninaogopa nikimwacha hivi hivi dirisha la kubadilisha machaguo litafunguliwa na kufungwa, majina yatatoka, na atakwenda PCB kwa sababu tu hakuna aliyesema neno. Ninaogopa pia nikimsukuma upande mwingine na akashindwa, Baba hatanisamehe. Kwenye mshahara wangu kuna makato ya mkopo wa benki ambao bado haujaisha, kwa hiyo sina uwezo wa kumsomesha mara mbili. Je, huyu ni kijana asiye na malengo? Nifanyeje ili ajue anachokitaka kabla muda haujatuacha?

Dada Mkubwa, Tabora

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kila niliporudia nilijikuta nikihesabu watu: baba, mjomba, shemeji na wewe, watu wazima wanne mnaomzunguka kijana mmoja, kila mmoja akiwa na jibu mkononi, na mwenye maisha yake akiwa ndiye pekee asiye na jibu. Unaniuliza umfanyeje ajue anachokitaka kabla dirisha halijafungwa. Ndani ya swali hilo naona maswali mengine mawili ambayo yanahitaji kutenganishwa: kwanza, kama kweli hajui, au anajua na hasemi, pili, kama ni lazima ajue ndipo hatua ya kwanza ipigwe.

Nianze na hilo "chochote tu". Wewe umelisikia kama dalili ya kukosa malengo, na huenda ndivyo lilivyo. Lakini fikiria anavyoishi. Katika nyumba zetu mtoto anayelelewa na ndugu hujifunza mapema kutokuwa na mapendeleo: anakula kilichopikwa, anavaa kilichonunuliwa, na akiulizwa anasema kitakachopatikana kinatosha. Mdogo wako anajua kwamba mshahara wako unakatwa. Anajua Baba anategemea msimu wa tumbaku, na nina hakika maneno ya shemeji yake kuhusu mkulima na jembe ameyasikia, hata kama hayakusemwa mbele yake. Kijana wa namna hiyo akitaja anachokitaka, anakuwa ametaja pia gharama yake, na akitaja kisichokuwa PCB anakuwa amempinga baba yake kupitia mdomo wa dada yake. Ukimya wake unaweza kuwa heshima, na heshima ya aina hiyo haiondolewi kwa kuuliza swali lile lile kwa sauti kubwa zaidi.

Inawezekana pia hajui, na hapo ningependa tuitazame upya hiyo aibu unayoiona akiwa na mtoto wa jirani. Ushauri wa kazi kwa vijana kama taaluma ulianza Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, pale Frank Parsons alipofungua ofisi ya kuwashauri vijana mjini Boston mwaka 1908. Msingi aliouweka ni rahisi kuueleza: kijana ajifahamu, azifahamu kazi zilivyo, kisha alinganishe. Shule nyingi bado zinafuata mpango huo, nasi wazazi na walezi tunaufuata bila kujua jina la aliyeuanzisha. Ugumu wake ni kwamba mtu wa miaka 18 amekutana na kazi chache mno za kulinganisha. Baadaye mwanasaikolojia John Krumboltz wa Chuo Kikuu cha Stanford alijenga hoja kwamba kutojua katika umri huo ni jambo la busara, kwa sababu maisha ya kazi ya watu wengi hutengenezwa na matukio ambayo hawakuyapanga, na kinachosaidia ni kuwa tayari kuyatumia matukio hayo. Wewe mwenyewe ni ushahidi. Barua ya chuo cha ualimu ilikutangulia, na leo unasema kazi umeipenda. Sisemi kwamba mdogo wako naye aachiwe barua itakayotangulia; ninachosema ni kwamba kupenda kazi hakuji siku zote kabla ya kuifanya. Na huyo rubani wa jirani, Mungu amsaidie, huenda ameona ndege tu na hajawahi kuona siku ya kazi ya rubani.

Sasa tuje kwenye daftari, ambalo umeliita jambo dogo. Mimi nimekaa nalo kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua yako. Umelisoma na kuona nyuki, halafu ukaingiwa na hofu kwamba unamlea mrina asali. Lisome tena ukiwaondoa nyuki. Utaona kijana ambaye, bila mwalimu kumwagiza na bila alama yoyote ya mtihani, aliamua ni mambo gani yapimwe, akayapima likizo baada ya likizo, akaandika pembeni yale ambayo yangeweza kuvuruga hesabu yake, na mwishowe akafikia matokeo ambayo mtu mzima mwenye mizinga yake aliyaamini kiasi cha kuihamisha. Inawezekana anachokipenda ni nyuki. Inawezekana ni msitu, na kuwa mbali na mji. Inawezekana ni ile raha ya kuandika kitu kinachobadilika mpaka sababu yake ijitokeze, na kama ni hiyo, basi ataikuta kwa mtaalamu wa misitu, kwa mtu wa takwimu, kwa mtengeneza ramani, maabara, na hata kwa mganga wa wilaya anayetaka kujua kwa nini malaria imepanda katika kata moja na kushuka katika nyingine. Hatuwezi kujua ni ipi kwa kumuuliza anataka kuwa nani. Tunaweza kukaribia kujua kwa kumwomba afungue daftari na akueleze mzinga mmoja tu: kwa nini aliandika umbali wa maji, wazo lilitoka wapi, mwaka ujao angependa kupima nini ambacho hajakipima. Usimwambie kwamba mazungumzo hayo yanahusu masomo. Sikiliza mahali ambapo sauti yake inachangamka.

Kuhusu kurina asali kama kazi ya wazee wasiokwenda shule, niruhusu nikupinge kidogo. Mkoa wako una Chuo cha Ufugaji Nyuki, ambacho hupokea vijana waliomaliza kidato cha nne. Afisa nyuki hashindi siku nzima akirina. Anakaa na vikundi vya wafugaji, anawashawishi waachane na mizinga ya magome kwa sababu mti unaochunwa gome kulizunguka shina hufa, anafuatilia ubora wa asali na nta, anaandika taarifa, anahudhuria vikao ambavyo havina nyuki hata mmoja. Kijana anayependa porini lakini hapendi kusimama mbele ya watu anaweza kuichukia nusu ya kazi hiyo. Hilo nalo linafaa kujulikana mapema.

Nisingependa, hata hivyo, daftari likufanye uupuuze upande wa Baba. Uliandika kwa sentensi moja tu kwamba mama yenu alifariki njiani, usiku, mkimtoa kijijini, kisha ukaendelea na habari nyingine. Mimi sikuweza kuendelea haraka hivyo. Mzee anaposema "daktari", sidhani kama anazungumzia ajira wala heshima ya koti jeupe, na ukimjibu kwa hoja za soko la ajira mtakuwa mnazungumza mambo mawili tofauti. Huenda hakuna aliyewahi kumuuliza. Utakapokwenda Urambo, au atakapokuja mjini baada ya kuuza tumbaku, mwulize ni jambo gani hasa angependa mwanawe aweze kulifanya, na mpe muda wa kujibu. Wanaokaa katika zahanati za vijijini, ambao kwa kawaida ndio mgonjwa anaowaona kwanza saa nane za usiku, ni matabibu na wauguzi. Madaktari wenye shahada wako mbele zaidi kwenye safari ya mgonjwa. Pengine Baba akilifahamu hilo ataiona stashahada ya utabibu kwa jicho jingine, na pengine hatabadilika. Nakuomba tu usiligeuze kuwa mtego wa kumshinda.

Njia zilizo mbele yenu nitazitazama kama ninavyozifahamu, na wewe uzipime na hali ya nyumbani.

PCB si njia nyembamba kama unavyoiogopa. Ndiyo inayoelekea kwenye shahada ya udaktari, miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, lakini anayemaliza PCB anaweza pia kuomba kilimo, misitu, mifugo, sayansi za maabara na mengineyo. Katika shule za serikali ada ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, kwa hiyo gharama kubwa zinabaki kuwa nauli, vifaa na michango. Hatari yake iko kwenye Fizikia. C aliyoipata katika shule iliyokaa bila mwalimu inaweza kuwa dalili ya uwezo mkubwa uliokosa malezi, na inaweza kuwa dalili kwamba msingi una mapengo ambayo kidato cha tano hakitakuwa na subira ya kuyaziba. Atakuwa pia na hisabati ya ziada inayosomwa pamoja na tahasusi hiyo. Mwulize alivyoipata hiyo C, kama ni kwa kuelewa au kwa kukariri maswali ya miaka iliyopita. Jibu lake litakuambia zaidi kuliko herufi yenyewe.

Alama zake zinamruhusu kufikiria CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) au PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) pia. CBG ingemwacha karibu na mazingira, misitu na kilimo, lakini bila Fizikia mlango wa udaktari kupitia kidato cha sita unafungwa, na aufunge mwenyewe akijua. PGM ingempeleka kwenye upimaji wa ardhi na mipango miji, mambo ambayo mtu aliyeandika umbali wa kila mzinga kutoka kwenye maji anaweza kuyafurahia, au asiyafurahie kabisa.

Vyuo vya kati vina sifa ambayo watu huisahau, kwamba si mwisho wa safari. Mwenye stashahada aliyefaulu kwa wastani wa alama 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada inayoendana na aliyosoma, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikitoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada, kwa hiyo chunguzeni kama kozi mnayoifikiria imo. Pale Tabora peke yake mna nyuki, mna Chuo cha Ardhi, mna kilimo Tumbi, mna utumishi wa umma, mna reli na mna VETA, chuo cha ufundi stadi. Ni miji michache ambayo kijana anaweza kuvitembelea vyuo vingi hivyo kwa nauli ya daladala na bodaboda. Kozi za afya zina upande wake mgumu. Ada ya vyuo binafsi huvuka milioni moja kwa mwaka, na wahitimu wengi husubiri ajira serikalini kwa muda mrefu, jambo ambalo wewe mwalimu huhitaji kuelezwa. Chuo chochote mtakachokifikiria, hakikisheni kwanza kuwa kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, na kwamba kozi yenyewe imesajiliwa.

Mjomba naye ana hoja. Tabora imekuwa njiapanda ya reli tangu enzi ya reli ya kati iliyofika hapo mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na reli ya kisasa nayo inaelekea Isaka na Kigoma kupitia hapo. Lakini kujenga reli na kuiendesha ni ajira mbili tofauti. Ya kwanza huchukua watu wengi na kuisha. Ya pili huchukua wachache wenye ujuzi maalumu na kudumu nao. Mwombeni Mjomba, kwa kuwa ana marafiki huko, awaulize walio kazini ni mafundi wa aina gani wanaotafutwa na wamesomea wapi. Akirudi na majibu, hoja yake itakuwa na miguu.

Ipo pia njia ya kusubiri mwaka mzima, ambayo sishawishiki nayo sana kwa kijana asiyesema anachokitaka, kwa sababu mwaka wa nyumbani bila mpango hujazwa na mipango ya watu wengine. Ila muda kati ya sasa na mwezi Julai, kidato cha tano kinapoanza, si mwaka, na unaweza kutumika vizuri. Mtafutie watu watatu au wanne wanaofanya kazi zenye sura ya hilo daftari na za upande wa Baba: afisa nyuki au misitu wa halmashauri, mpima ardhi, mtu wa maabara pale hospitali ya Kitete, tabibu wa zahanati. Aende peke yake, maana ukienda naye wewe ndiye utakayezungumza. Asiulize mshahara wala "kazi hii ni nzuri?", kwa sababu watu hujibu kwa adabu. Aulize asubuhi wanaanza na nini, ni kazi gani ya wiki iliyopita iliyowachosha, na kama wangekuwa na miaka 18 leo wangepita njia ipi kufika hapo walipo. Kama wataruhusu, ashinde nao siku nzima. Kijana aliyekaa siku nzima kwenye benchi la zahanati akirudi nyumbani ana la kusema, hata kama la kusema lenyewe ni kwamba hataki kurudi tena.

Wasiwasi wako kwamba huwezi kumsomesha mara mbili ni wa kweli na sitaupunguza kwa maneno matamu. Angalia tu kwamba uzito wa kukosea haulingani katika njia hizi. Akienda kidato cha tano akateleza, cheti chake cha kidato cha nne bado kinampeleka chuo cha kati, na kilichopotea ni miaka miwili na matumizi yake. Akianza chuo binafsi cha gharama kubwa akaacha mwaka wa pili, kilichopotea ni fedha ambayo ingali inakatwa kwenye mshahara wako. Hilo halisemi njia ipi ni bora. Linasema ni wapi mnahitaji kuwa na uhakika zaidi kabla ya kulipa.

Na hapo ndipo ningekushauri ufungue mazungumzo mengine na mdogo wako, tofauti na yale ya jikoni. Keti naye mkiwa wawili, na mume wako akijua kwamba mnakutana, umwonyeshe karatasi ya mshahara, umwambie kiasi unachoweza kutoa kwa mwezi bila kuumia na kwa miaka mingapi, na umwambie kwamba ndani ya kiasi hicho hakuna chaguo litakalokukosea heshima. Mpaka sasa amekuwa akikisia ukubwa wa mzigo anaokutwika, na anayekisia hujibana kupita kiasi. Usimtake jibu siku hiyo. Mwachie hiyo karatasi, mpe tarehe ya kufungwa kwa dirisha utakapoifahamu, na mkubaliane siku ambayo atakuja yeye kwako na njia mbili, zikiwa na sababu zake, na jambo analoliogopa katika kila moja. Ikiwa mojawapo itakuwa ni PCB, nayo ni sawa, mradi safari hii awe ameiandika kwa mkono wake.

Nitafurahi kusikia alikueleza nini kuhusu mzinga.